Redio Humsema Jirani, Huzungumza na Nyumbani: Utangulizi kwa Msomaji wa Ufipa

Mtu wa Sumbawanga akijitambulisha Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, jibu la kwanza mara nyingi ni kicheko. Ataulizwa kama amekuja kwa basi au kwa ungo. Wengine watasogea pembeni kwa mzaha, wasije wakapigwa radi. Hakuna wizara iliyowahi kuutengea utani huu fungu la fedha, na bado umefika kila mkoa. Wapo watumishi wanaopata barua ya uhamisho kuja Rukwa wakakosa usingizi kweli kweli. Kwa hiyo msomaji wa Katandala, Chanji au Malangali anaingia katika uwanja huu na mtaji ambao mwanafunzi wa jiji kubwa hana. Anajua kusemwa kulivyo. Anajua pia jambo ambalo vitabu vingi huhitaji sura nzima kulieleza: wanaokusema hawaongei na wewe. Wanachekeshana wao kwa wao.

Uwanja ninaokukaribisha unachunguza namna nchi zinazohasimiana, hasa zinazopakana, zinavyosemana: kwa redio, magazeti, hotuba, nyimbo, ramani za shuleni, na siku hizi kwa simu ya kiganjani. Hauna jina moja lililotulia. Wanahistoria huudai, wataalamu wa siasa huudai, walimu wa uandishi wa habari nao huudai, na kwa maoni yangu ni heri ukabaki bila mwenyewe. Hoja yangu ni moja na nitaing'ang'ania mpaka mwisho: propaganda ya uhasama humsema jirani, lakini huzungumza na nyumbani. Anayetaka kuielewa asianze kwa kuuliza kama ni kweli au ni uongo. Aulize siku ile nyumbani kwa msemaji kulikuwa na nini.

Wasomi wa Ulaya na Marekani huhesabu mwanzo wa taaluma hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1927 Mmarekani Harold Lasswell alichapisha uchambuzi wa mbinu za propaganda katika vita ile. Mwaka uliofuata Mwingereza Arthur Ponsonby, aliyekuwa mbunge, akatoa kitabu kuhusu uongo wa wakati wa vita, ukiwemo ule ulioenezwa na magazeti ya Uingereza mwaka 1917 kwamba Wajerumani walikuwa na kiwanda cha kuchemsha maiti za askari wao ili wapate mafuta. Ni vitabu vizuri na ninamshauri kila anayeanza avisome. Lakini ukivisoma peke yake utadhani vita ile ilipiganwa Ubelgiji na Ufaransa tu.

Ilipiganwa huku pia. Kasanga ya leo, upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa boma la Wajerumani lililoitwa Bismarckburg. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na Abercorn ya Waingereza, ndiyo Mbala ya Zambia. Mpaka wenyewe ulitokana na mkataba wa Julai 1890, kwa hiyo ulikuwa na umri wa miaka 24 tu, na uliwapasua Walungu na Wamambwe katikati. Septemba 1914 Wajerumani wakaishambulia Abercorn. Juni 1916 Bismarckburg ikaingia mikononi mwa Waingereza. Watu waliokuwa wakioana na kuzikana wakajikuta wapagazi wa majeshi mawili yenye uadui. Uadui ule ulikuwa na waandishi wake, na waandishi wenyewe walikaa mbali sana na Kasanga.

Habari nazo zilitembea polepole. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918. Jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata taarifa siku mbili baadaye kwa njia ya mjumbe wa Waingereza aliyekamatwa na askari wake upande wa Chambeshi, na akajisalimisha Abercorn tarehe 25. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1920 jemadari yule alichapisha kitabu cha vijana kiitwacho Heia Safari!, na kwa miaka mingi baadaye picha ya kamanda asiyeshindwa, akifuatwa na askari Mwafrika mtiifu hadi kufa, ikawa silaha ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudishwe. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi hawakupata nafasi katika picha hiyo. Angalia tarehe: bunduki zilikuwa zimeshawekwa chini, na wasomaji wa kitabu walikuwa Ujerumani, watoto wa nchi iliyoshindwa na yenye uchungu. Haikuwa kazi ya kitabu kile kumshawishi Mwingereza, seuze Mfipa.

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya tuliletewa na wageni. Karne ya 19 Ufipa ilikuwa na dola mbili za ukoo mmoja wa Watwa, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini, zilizokuwa mahasimu. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, aliandika simulizi ambayo wazee wengi bado wanaijua: wanawake watatu wageni wa ukoo wa Watwa wanafika Milansi, makao ya mtawala, mwenyewe hayupo, wanapewa kiti, naye anaporudi anakuta utawala umeshahamia kwingine na yeye amebakiwa na heshima ya kimila. Willis aliisoma simulizi hiyo kama ufunguo wa falsafa ya Wafipa. Mimi humwambia mwanafunzi aisome pia kama habari za kisiasa. Ni nani anayenufaika ikisimuliwa kwamba kiti kilichukuliwa bila damu? Kwa nini Milansi, ambayo haikuwa na nguvu ya kijeshi, iliendelea kutajwa kwa heshima na pande zote mbili? Dola mbili zenye uhasama zilikuwa na asili moja ya kugombea, na kila mtawala alilazimika kwanza kuwaridhisha watu wake kwamba kiti alichokalia ni chake kwa haki.

Redio iliingia ukanda wetu ikiwa tayari imevaa sare. Kituo cha Lusaka kilianzishwa mwaka 1941 ili kuwapa Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini habari za Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 ikaja sokoni huko redio ya bei nafuu ya betri, ya mviringo, iliyotengenezwa kwa umbo la sufuria, na ndiyo iliyowafikisha watu wa vijijini kwenye matangazo kwa lugha zao, Kibemba kikiwemo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza baadaye, mwaka 1951. Kisha milango ikafunguka: Cairo ikatangaza kwa Kiswahili miaka ya 1950 ikiwashambulia wakoloni, BBC ikaanza Kiswahili Juni 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaongezeka Peking, Moscow, Sauti ya Amerika na Deutsche Welle. Mtu wa Ufipa mwenye redio ya masafa mafupi mwaka 1965 alikuwa akibembelezwa na nusu ya dunia, ilimradi betri zake zilikuwa na nguvu. Zikichoka alizianika juani na kuendelea kubembelezwa. Mwanahistoria James Brennan ameandika vizuri juu ya redio ya Cairo na jinsi ilivyowatia Waingereza kiwewe. Tanzania nayo haikukaa kimya. Kutoka Dar es Salaam vyama vya ukombozi, FRELIMO na ANC vikiwemo, vilipewa masafa ya kuzungumza na watu wao waliokuwa chini ya Wareno na Makaburu. Kwa serikali za Lisbon na Pretoria sisi ndio tuliokuwa jirani mbaya wa redioni.

Kwa mfano mmoja wa kujifunzia kazi hii hakuna unaoshinda uhasama wa Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Una mwanzo na mwisho unaojulikana, una kumbukumbu za pande zote mbili, na wengi walioushuhudia wako hai.

Mwanzo ni tarehe 25 Januari 1971, pale Redio Uganda iliposoma sababu 18 za wanajeshi kumpindua Rais Milton Obote aliyekuwa Singapore mkutanoni. Mwalimu Nyerere alimpokea Obote na hakuutambua utawala mpya wa Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote wakavamia Uganda kutokea Tanzania wakashindwa vibaya. Mwezi uliofuata mkataba wa Mogadishu ukatuliza silaha, lakini haukutuliza midomo. Kwa miaka sita iliyofuata mipasho ilirushwa kwa simu za maandishi, kwa hotuba na kwa taarifa za habari. Amin aliwahi kumtumia Nyerere ujumbe kwamba angekuwa mwanamke angemwoa, ingawa kichwa kina mvi. Redio Uganda ilipenda kumnukuu "msemaji wa jeshi" asiyetajwa jina, na kila mtu Kampala alijua msemaji huyo ni nani. Watu wa nje walicheka wakamwona Amin kichekesho. Ni kosa ambalo wanahabari wa Ulaya walilifanya kwa miaka, na baadhi ya Watanzania nao wakalifanya. Watafiti kama Derek Peterson na Edgar Taylor wameonyesha kwamba redio ya Amin ilikuwa chombo cha kutawalia: ndiyo iliyotoa amri, ilikemea watumishi, iliita watu kazini na kuwafukuza. Mganda aliyeisikiliza hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza kama jina lake limetajwa.

Sasa njoo Oktoba 1978, uliza lile swali la nyumbani. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kutoka kilele chake. Marekani ilikuwa imepitisha marufuku ya biashara na Uganda. Makamu wa Rais Mustafa Adrisi alikuwa ameumia katika ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake jeshini hawakuamini kwamba ilikuwa ajali. Kulikuwa na maasi kambini Mbarara, upande wa kusini-magharibi. Katika hali hiyo Redio Uganda ikatangaza kwamba Tanzania imevamia, jambo ambalo halikuwa limetokea. Wiki chache baadaye majeshi ya Uganda ndiyo yaliyovuka mpaka, yakaua, yakapora mali na ng'ombe, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote mpaka Mto Kagera sasa ni la Uganda. Redio yake ilijigamba kwamba kazi ilifanyika kwa dakika 25. Askari wa Mbarara aliyekuwa anafikiria kuasi sasa alikuwa na ardhi mpya ya kushangilia na ngawira ya kugawana.

Upande wetu ndiko mwanafunzi Mtanzania huona ugumu, maana ni rahisi kuchambua propaganda ya adui. Kwa siku kadhaa mwishoni mwa Oktoba, wakati watu wa Kagera wanakimbia na vitanda vichwani, wananchi wengi wa mikoa mingine hawakuwa na picha kamili ya kilichotokea. Picha hiyo waliipata tarehe 2 Novemba, katika hotuba ya Mwalimu ambayo kila mtoto wa shule ameisikia: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Ni hotuba fupi na ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Kuanzia hapo Amin akawa "nduli" katika kila taarifa, bendi na kwaya zikaingia studio, wanamgambo wakaandikishwa, na mikoa ikachangia chakula na mifugo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, wala haikuwa nayo mpaka miaka ya 1990. Vita ile ilisikika, haikuonekana. Hapa Ufipa, mamia ya kilomita kutoka Kyaka kwenye Mto Kagera, ilikuwa sauti kabla ya kuwa jambo lingine lolote, mpaka vijana walipoanza kuitwa.

Kuna mambo redio yetu haikuyasema. Mapema Novemba walinzi wa anga wa Tanzania karibu na Musoma walitungua ndege tatu za jeshi letu wenyewe kwa makosa, na wananchi hawakutangaziwa. Na majeshi yetu yalipovuka kuelekea Kampala, maelezo rasmi kwa dunia yalikuwa kwamba kuna vita viwili: Watanzania wanamwadhibu mchokozi, Waganda waliokuwa uhamishoni wanaikomboa nchi yao. Sehemu ya maelezo hayo ilikuwa kweli. Lakini waliobeba mzigo mkubwa wa mapigano mpaka Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, walikuwa askari wa jeshi letu, JWTZ, na aliyetangaza ushindi kwenye Redio Uganda alikuwa Mganda, Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Hilo lilipangwa, na lina mantiki: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya nchi nyingine. Mwanahistoria George Roberts ameeleza vizuri jinsi Dar es Salaam ilivyotembea juu ya kamba hiyo ya kidiplomasia. Kwa hukumu yangu Tanzania ilikuwa na haki katika vita ile. Kuwa na haki hakukuifanya isiwe na propaganda, na mwanafunzi asiyeweza kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja atafute uwanja mwingine.

Jambo moja katika propaganda yetu ya 1978 linastahili sifa, nami nalitaja kwa sababu ndilo kipimo cha pili ninachomwachia msomaji. Maneno makali yalimlenga Amin. Mwalimu alirudia mara nyingi kwamba ugomvi hauko kati ya Watanzania na Waganda. Uliza basi, kila unaposoma tusi la kitaifa: anayetukanwa ni mtawala, ni mfumo, au ni watu?

Ugomvi wetu na Kenya ulitukana mfumo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa, shirika la pamoja la ndege limesambaratika, na tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Magazeti ya Dar es Salaam yaliita Kenya nchi ya mtu kumla mtu; Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Charles Njonjo, anakumbukwa kwa kujibu kwamba Tanzania ni nchi ya mtu asiye na cha kula. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Wamasai wa Namanga walihesabu hasara; wachambuzi walihesabu maneno.

Ila tazama kalenda. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, siku moja baada ya mpaka kufungwa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Nyerere alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akikiri waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya ujamaa wala haijajitegemea. Chama kipya, ahadi za zamani zisizotimia, maduka yanayoanza kukauka: jirani bepari anayekula wenzake alikuwa na manufaa makubwa, kwani alionyesha kwamba njia nyingine ni mbaya zaidi. Nairobi nako kulikuwa na jeraha. J. M. Kariuki, mwanasiasa aliyeonya dhidi ya Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, aliuawa Machi 1975, na maswali aliyoyaacha hayakuzikwa naye. Kumwambia Mkenya asiye na ardhi kwamba ng'ambo hawana hata sukari kulikuwa ni jibu la aina yake. Wakubwa wa pande zote mbili walirushiana mawe, na kila jiwe lilitua uani kwa aliyelirusha.

Mifano ya karibuni naipitia haraka, kwa kuwa msomaji ana kumbukumbu nayo. Mwaka 2012 Malawi na Tanzania zilirudi kwenye ugomvi wa Ziwa Nyasa, ule ambao Rais Kamuzu Banda wa Malawi aliuchochea miaka ya 1960 kwa kudai hata sehemu za nchi kavu ya Tanzania. Utafiti wa mafuta ulikuwa umeamsha hamu. Wanasiasa wetu wakasema jeshi liko tayari, magazeti yakachora ramani, na shauri likaishia kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano. Mwishoni mwa 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa sababu za kudhibiti magonjwa, na kwa siku kadhaa mitandao ya nchi mbili iligeuka uwanja wa vita kwa ajili ya kuku. Kila baada ya muda tangazo la utalii hutufanya tugombane upya kuhusu Mlima Kilimanjaro uko wapi. Katika ugomvi wa simu watawala wamepoteza hatamu kidogo: tusi linaanza kwa kijana wa Nairobi au wa Sinza, na wizara inalikuta limeshasambaa. Ukitaka mada ya tasnifu, hiyo ni mbichi.

Ipo mifano isiyochekesha. Rwanda, gazeti la Kangura kuanzia 1990 na redio RTLM kuanzia Julai 1993 ziliwatukana watu, tena majirani wa ndani ya nchi moja, mlango kwa mlango. Kesi ya wenye vyombo hivyo iliendeshwa Arusha, hapa nchini kwetu, na tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze walitiwa hatiani kuhusiana na mauaji ya kimbari ya 1994. Rufaa ya 2007 ilipunguza baadhi ya makosa na adhabu. Ni hukumu ambayo kila anayeingia uwanja huu lazima aisome, na tuna bahati kwamba kumbukumbu zake ziko nchini mwetu.

Hapo ndipo pia unapoanza mjadala mkubwa wa taaluma. Redio inaua? Scott Straus, aliyewahoji wafungwa waliokiri kuua, alihitimisha mwaka 2007 kwamba wengi waliingizwa katika mauaji kwa kufuatwa ana kwa ana na viongozi wa mtaa na vikundi, na kwamba nguvu ya RTLM imetiwa chumvi. David Yanagizawa-Drott, mchumi, alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi na vile vilivyozibwa na milima, na mwaka 2014 akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo. Mtu akisema matokeo hayo mawili yanapingana, hajayasoma. Asilimia 10 ya janga lile ni watu wengi mno, na asilimia 90 iliyobaki inatuambia kwamba redio ilifika mahali ambapo kazi nyingine ilikuwa imeshafanyika. Naelemea upande wa Straus kwa sababu moja: anamheshimu msikilizaji. Waandishi wengi wa propaganda humchukulia msikilizaji kama debe tupu linalojazwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hiyo ingefaa sana wizara za habari, na ndiyo maana mtafiti anatakiwa kuishuku. Watu wa Ufipa wamesemwa kwa miaka mingi kuwa ni wachawi, na bado wanalima mahindi, maharage na ulezi kama kawaida.

Kwa anayetaka kuanza kazi, kumbukumbu zipo. Idara ya BBC ya kufuatilia matangazo iliandika kwa miaka mingi yale yaliyosemwa na redio za Afrika Mashariki, siku kwa siku, nayo ndiyo hazina kubwa kuliko zote kwa vita ya 1978 na 1979. Ukiitumia kumbuka kwamba mengi yamefupishwa na kutafsiriwa Kiingereza, na mzaha wa Kiswahili hufa safarini. Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam ziko chini ya shirika la utangazaji la taifa, TBC. Magazeti ya Uhuru na Daily News, lililoanza 1972, yanapatikana katika maktaba za vyuo vikuu. Uganda, picha za enzi ya Amin zilizokuwa zimefichika katika shirika la utangazaji la taifa, makumi ya maelfu ya hasi za filamu, zilianza kuonyeshwa hadharani Kampala mwaka 2019. Baldwin Mzirai aliandika juu ya vita kwa Kiswahili mapema, mwaka 1980, katika Kuzama kwa Idi Amin. Tony Avirgan na Martha Honey wakaandika kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Soma vyote viwili kwa pamoja, na weka alama kila mahali kimoja kinaponyamaza na kingine kinasema.

Kinachokosekana kabisa katika hazina hizo ni msikilizaji. Tunajua Redio Uganda ilisema nini na Redio Tanzania ilijibu nini. Hatuna karibu lolote kuhusu yale waliyoyasikia watu wa Matai, Laela, Namanyere au Katandala, nani alikuwa na redio mtaani, walikusanyika saa ngapi, waliamini nini na walikataa nini, na kama mtu alithubutu kufungua kituo cha adui ili asikie upande wa pili. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mzee anayekaribia 70. Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji, ni la haraka kuliko la kusoma kitabu. Nenda kwa babu au bibi mmoja wiki hii na simu yenye nafasi ya kurekodi. Muulize alikuwa wapi tarehe 2 Novemba 1978, alisikia kwa redio ya nani, kwa lugha gani, na watu walisema nini baada ya redio kuzimwa. Andika tarehe ya mahojiano, omba ruhusa yake, na hifadhi nakala mbili mahali tofauti.